Kompyuta Ikisema Haioni Diski Mpya

Siku hizi si ajabu kuingia ofisi ya kikundi na kukuta kompyuta. Iko juu ya meza, imefunikwa leso isiingie vumbi, na ndani yake mna mambo mazito: akiba ya kila mwanachama, mikopo na tarehe zake, majina ya waliouza ndengu kwa pamoja na kilo za kila mmoja. Chache zilinunuliwa mpya. Nyingine zilitoka kwa wafadhili, au kwa kijana wa kijiji anayefanya kazi Nairobi, aliyeomba ile iliyokuwa ikitupwa ofisini kwao. Zikifika huku Kitui na Makueni zimekwisha fanya kazi miaka mingi.

Katika mashine ya namna hiyo, sehemu inayotangulia kuchoka mara nyingi ni hadi diski, kile kibati cha ndani kinachohifadhi kila kitu hata stima ikizimwa. Kuanzia hapa tutaiita diski tu. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna kisomeo kinachoelea bila kugusa. Kubebwa kwa pikipiki, joto la Kibwezi, stima inayokatika na kurudi bila taarifa, yote hayo huzimaliza.

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wafungue mashine zao wakati huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Wengi wakaona ni heri kuweka Windows 11, au Ubuntu ambayo ni ya bure, na papo hapo wabadilishe diski wapate ile ya SSD, isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka. Ni wazo zuri. Mashine ya zamani ikipewa SSD huamka kama mtu aliyekunywa uji asubuhi. Ila muulizeni fundi kwanza kama mashine yenu inakubaliwa na Windows 11, maana hiyo ina masharti yake na mashine nyingi za kupewa hazifikii.

Basi kikundi kinachanga. Diski inaletwa kutoka Nairobi, fundi anaifunga, anachomeka flashi yenye programu ya kusakinisha, yaani ile inayoiweka Windows ndani ya mashine. Anabonyeza, anangoja. Ukurasa wa kuchagua diski unafika, nao ni mtupu. Hakuna diski hata moja.

Hapo ndipo pesa za kikundi hupotea. Fundi mwenye haraka atamgeukia mweka hazina na kusema, “Mama, mmeuziwa diski mbovu, itabidi mnunue ingine.” Mama huyo hana neno la kumjibu, kwa hivyo mchango wa pili unaitishwa. Wengine wananung'unika kwamba diski ya kwanza ilinunuliwa kwa ujanja, na mwenye kutumwa Nairobi anaanza kuangaliwa vibaya kwenye mkutano. Na huenda diski ile ni nzima kabisa.

Neno “haionekani” lina maana tatu tofauti, na kila moja ina mahali pake pa kutengenezwa. Inaweza kuwa mashine yenyewe haioni diski. Inaweza kuwa mashine inaiona lakini programu ya kusakinisha haiioni. Na inaweza kuwa programu inaiona lakini inakataa kuitumia. Diski mbovu iko katika ile maana ya kwanza, na hata huko ni sababu moja kati ya kadhaa. Kujua mko kwenye maana ipi ni kazi ya dakika chache, na haigharimu hata shilingi.

Kabla ya yote, diski ya zamani itoke

Kama diski ya zamani bado inafanya kazi hata kwa kusuasua, nakilini kwanza hesabu zenu kwenye flashi au kwenye kompyuta nyingine. Kisha itoeni ndani ya mashine, iwekwe mbali, ndipo ile mpya ifungwe. Sisemi izimwe au iachwe pembeni ikiwa na waya zake. Itoke. Sababu yake mtaiona mbele kidogo, tukifika kwenye amri zinazofuta.

Ikiwa diski ya zamani inatoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, msiendelee kuiwasha na kuizima mkitumaini itapona. Kila mara inapowashwa kisomeo kinaweza kuzidi kukwaruza sahani. Iacheni mpaka mpate mtu anayejua kazi ya kuokoa data.

Je, mashine yenyewe inaiona?

Ndani ya kila kompyuta mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, inayoamka kabla ya Windows. Mafundi huiita BIOS. Hiyo haitegemei flashi wala diski, kwa hivyo ndiyo shahidi wa kwanza wa kuulizwa.

Zima mashine, iwashe, na papo hapo gusa mara kwa mara kitufe cha kuingilia. Kwa Dell na Acer nyingi ni F2. Kwa HP ni F10. Kwa Lenovo ni F1 au F2. Mashine nyingi za mezani hutumia kile kilichoandikwa Delete. Itatokea skrini yenye maandishi mengi. Usibadilishe chochote. Tafuta tu mahali panapoorodhesha diski, uone kama jina la diski yenu na ukubwa wake vimeandikwa. Ukimaliza, toka bila kuhifadhi.

Diski mpya ikitaja jina lake na ukubwa wake sawasawa, basi iko hai na waya zake zimeshika. Msinunue nyingine. Nendeni sehemu inayofuata.

Isipotajwa, angalieni waya kabla ya kulaumu mtu. Katika kompyuta ya mezani diski hupokea waya mbili: mmoja mwembamba wa kupitisha habari, na mmoja mpana zaidi wa stima. Mmoja ukichomekwa na wa pili ukasahauliwa, diski haionekani. Waya wa habari nao huzeeka, hivyo badilisheni kwa mwingine, au chomekeni kwenye tundu lingine la bodi. Kwa laptopu hakuna waya wa kuona. Diski husukumwa kwenye nafasi yake, na katika aina fulani kuna kipande kidogo cha kuunganisha kilichobaki kwenye diski ya zamani, ambacho lazima kihamishiwe kwenye mpya. Ni kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni sehemu ya diski yenyewe.

Halafu kuna zile SSD nyembamba kama kipande cha chingamu bapa, zinazoitwa M.2. Hizi zimeleta hasara isiyo na sababu. Ziko za aina mbili zinazofanana kama mapacha: zinazotumia njia ya SATA na zinazotumia njia ya NVMe. Nafasi iliyotengenezewa SATA peke yake haitaiona NVMe, na ya NVMe peke yake haitaiona SATA, hata kama diski imeingia vizuri na skrubu imekazwa. Tazameni meno yake ya dhahabu: mara nyingi yenye pengo moja ni NVMe, na yenye mapengo mawili ni SATA. Kanuni za NVMe zilitolewa mwaka 2011 na ilichukua miaka kadhaa mashine za kawaida kuzizoea, kwa hivyo kompyuta ya siku hizo inaweza isijue kabisa kuanzia kwenye diski ya namna hiyo. Yule anayetumwa Nairobi aondoke na namba kamili ya mashine iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Maneno “ni HP nyeusi” hayatamsaidia muuzaji wala kikundi.

Bado haionekani? Ombeni kibweta cha USB, ambacho wenye kutengeneza kompyuta huwa nacho, mtie diski humo na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine nzima. Hapa kuna jambo linalowapotosha watu. Diski mpya kabisa haitatokea pamoja na folda zenu, wala haitapewa herufi. Ni kama shamba ambalo halijapimwa: ardhi ipo, lakini haina ploti wala namba. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, uchague “Disk Management”. Diski ikiorodheshwa pale chini, hata kama imeandikwa haijapimwa, ni nzima. Ikikosekana hata hapo, kwenye kompyuta mbili tofauti, sasa mna haki ya kuirudisha dukani na risiti yenu.

Mkalimani asiyekuwepo

Sasa tufike kwenye lile linalosumbua zaidi: BIOS inaiona diski, programu ya kusakinisha haiioni.

Programu ya kusakinisha inapoamka kwenye flashi haijui chochote kuhusu mashine yenu. Ni kama mgeni aliyeshuka kwenye basi pale Emali usiku. Ili aifikie diski, lazima azungumze na kifaa kilicho kwenye bodi ya mashine kinachosimamia diski, tukiite kidhibiti. Kila aina ya kidhibiti ina lugha yake. Programu ndogo inayotafsiri lugha hiyo mafundi huiita draiva. Msifikirie dereva wa matatu, fikirieni mkalimani. Mgeni wetu amekuja na mkoba uliojaa wakalimani, lakini mkoba ulifungwa mwaka ule programu ilipotengenezwa. Kidhibiti kilichobuniwa baadaye hakina mkalimani humo. Mgeni anaita, hakuna anayejibu, naye anaandika kwa unyofu kabisa kwamba hajaona diski.

Jambo hili si geni. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na diski za SATA zikaanza kuenea kuanzia 2003. Fundi wa siku zile alilazimika kubonyeza F6 mwanzoni kabisa na kuingiza disketi yenye draiva, na mashine isiyo na mahali pa disketi ilikuwa taabu tupu. XP ya kwanza, kabla ya marekebisho ya mwaka 2002, haikuweza hata kuhesabu kupita GB 137 za diski. Unaweka ya GB 160, inayobaki haipo. Windows 7 nayo, ya mwaka 2009, ilitoka kabla ya NVMe, kwa hivyo flashi yake ya kawaida haiioni diski hiyo. Kuna mafundi wanaoipenda Windows 7 kama suti ya harusi. Msikubali. Huduma zake zilikoma tarehe 14 Januari 2020, na hesabu za kikundi hazifai kukaa kwenye nyumba isiyo na mlango.

Kwa mashine za karibuni, mkosaji anayejulikana zaidi ni kidhibiti cha Intel kinachoitwa VMD. Kilienea kwenye laptopu za kizazi cha 11 cha Intel, zilizoanza kutoka mwaka 2020, na za vizazi vilivyofuata. Kinasimama mbele ya diski ya NVMe kama askari wa geti, na kama huna mtu wa kuzungumza naye, diski iliyo nyuma yake kwako haipo. Kujua kizazi ni rahisi: tazameni namba ya prosesa. Ikiwa i5-1135G7, tarakimu baada ya kistari zinaanza na 11, basi ni kizazi cha 11. Ikiwa i5-8250U, ni cha 8. Mashine kadhaa za kabla ya hapo nazo huja kidhibiti kikiwa kwenye hali ya RAID, na dalili ni ile ile.

Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea, ni kumletea mgeni mkalimani wake. Tafuteni kompyuta nyingine yenye intaneti. Fungueni tovuti ya waliotengeneza laptopu yenu, si tovuti yoyote inayojitokeza, mwandike namba ya mashine. Katika orodha ya draiva tafuteni sehemu ya hifadhi, yenye maneno “Intel Rapid Storage Technology” au “VMD”. Si faili kubwa ukilinganisha na Windows yenyewe, ambayo hupita GB 5 na huhitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Kwa hivyo fundi asiwaambie inahitaji mzigo mkubwa wa data.

Sasa angalieni mtego, maana hapa ndipo watu huwa wamebakisha hatua moja na kukata tamaa. Faili inayoshuka mara nyingi inaishia na .exe. Ukiiweka kwenye flashi hivyo ilivyo, programu ya kusakinisha haitaiona, kwani hiyo ni gunia lililoshonwa. Lazima lifunguliwe kwanza kwenye ile kompyuta nyingine, mpaka mpate folda yenye faili zinazoishia na .inf na .sys. Ile .inf ndiyo barua ya utambulisho ya mkalimani, na ndiyo inayotafutwa. Kwa faili ya Intel inayoitwa SetupRST.exe, fundi huifungua kwa kuandika jina lake likifuatwa na -extractdrivers na jina la folda anayotaka vitu viingie. Folda hiyo ndiyo inayonakiliwa kwenye flashi. Inaweza kukaa kwenye flashi ile ile yenye Windows, ili mradi iwe kwenye folda yake yenyewe.

Rudini kwenye mashine. Anzeni kusakinisha mpaka ukurasa ule mtupu. Bonyezeni “Load driver”, kisha “Browse”, mwoneshe ile folda. Jina lenye neno VMD au RST litatokea. Lichagueni, mwendelee, na baada ya nukta chache diski itatokea kama vile ilikuwapo siku zote. Ndiyo, ilikuwapo siku zote.

Orodha ikija bila jina lolote, mmechukua mkalimani wa mashine nyingine, rudieni namba ya mashine. Na bebeni mausi ya waya. Kwa sababu ile ile ya mkalimani, sehemu ya kupapasa ya laptopu inaweza isifanye kazi wakati wa kusakinisha, na watu wakadhani mashine imeganda.

Njia ya pili ni kumwondoa askari getini. Mnaingia BIOS, mnatafuta VMD na kuizima, au pale palipoandikwa RAID mnabadilisha kuwa AHCI, mnahifadhi na kutoka. Kwa mashine yenye diski moja tu, mpya na tupu, njia hii ni fupi na haina ubaya. Ubuntu ikikuta mpango huo wa Intel nayo inaweza kuwaambia wazi kwamba uzimwe kwanza. Lakini kama ndani ya mashine mna diski nyingine yenye Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa, mkiizima ile Windows haitaamka tena mpaka mrudishe. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Mtu asiguse sehemu hii ya BIOS bila kuandika kwenye karatasi ilivyokuwa kabla.

Inaiona, lakini inakataa

Maana ya tatu ni nyepesi kuieleza lakini ndiyo hatari kuliko zote. Diski imeorodheshwa, ukiichagua unapewa ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa hapo, na ndani ya ujumbe mna herufi MBR na GPT.

Hizo ni rejista mbili za kugawia ploti za diski. MBR ni ya zamani, na kwa diski za kawaida daftari lake linaishia kwenye TB 2. GPT ni mpya na haina shida hiyo. Mashine inayoanza kwa mtindo mpya unaoitwa UEFI inataka Windows iandikwe kwenye GPT. Diski iliyowahi kutumika mahali pengine ikaletwa kwenu inaweza kuja na rejista ya zamani, nayo inakataliwa mlangoni.

Ikiwa hakuna kitu cha maana ndani yake, dawa ni kufuta migawanyo yote iliyoorodheshwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka ibaki nafasi moja tupu, kisha kuendelea. Programu itaandika rejista inayoitaka. Fundi mwingine atabonyeza Shift na F10 kwa pamoja, litokee dirisha jeusi, aandike diskpart, halafu list disk, achague namba ya diski, aandike clean, na baadaye convert gpt. Ni sawa, kazi itafanyika. Lakini neno clean halikuulizi mara mbili. Ukichagua namba 1 badala ya 0, na ile ya 1 ikawa diski ya zamani yenye hesabu za miaka sita, rejista imekwenda kwa kubonyeza Enter mara moja. Sasa mmeona kwa nini nilisema diski ya zamani itoke ndani ya mashine. Ikiwa mezani, imefungwa kwenye leso, hakuna amri inayoweza kuifikia.

Hata ikiwa diski iko peke yake, someni ukubwa wake kabla ya kufuta, maana flashi nayo huorodheshwa humo humo. Namba hazitalingana na za kwenye boksi. Diski ya GB 240 itaonyesha kama 223. Ya 256 itaonyesha 238, ya 500 itaonyesha 465, na ya TB 1 itaonyesha 931. Hamjaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, kila mmoja na kipimo chake kama debe na gorogoro. Mweka hazina ayajue haya mapema, kwa sababu mwanachama fulani atasimama kwenye mkutano na kudai kwamba GB 35 zimeliwa.

Wizi wa kweli upo, lakini hauna sura hiyo. Kuna diski na flashi za bandia zinazojitangaza kuwa na TB 2 kwa bei ya kushangaza, na ndani kuna kijikadi kidogo kilichofundishwa kusema uongo. BIOS itaandika TB 2, Windows itaandika hivyo hivyo, na mtafurahi mpaka siku kadi itakapojaa na kuanza kuandika juu ya hesabu za zamani. Programu za bure kama H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux hujaza diski yote na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Huchukua saa nyingi, kwa hivyo ifanyeni siku stima iko sawa, na kabla ya siku za kurudisha bidhaa kwisha.

Kumlipa fundi, na mahali pa kuweka vitu

Fundi alipwe. Kazi ya kutafuta draiva sahihi na kufungua gunia lake ni kazi, hata kama hakubadilisha kifaa chochote. Mkatae tu kulipia diski ya pili kabla hajawaonyesha, mweka hazina na katibu wakiwa wamesimama hapo, ile skrini ya BIOS bila jina la diski. Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba anaulizwa swali la maana.

Asibebe diski ya zamani kama sehemu ya malipo, wala isiuzwe na vyuma chakavu. Humo ndani mna namba za vitambulisho vya wanachama, namba za simu, na deni la kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Kufuta faili hakutoshi, zinaweza kurudishwa. Diski ikae na kikundi, ifungwe kwenye karatasi kavu, iandikwe juu yake tarehe iliyotolewa. Hesabu zikisha hamishwa na kulinganishwa na daftari la mkono, ambalo bado linaandikwa kila mkutano na msiliache, mtaamua kwenye kikao kama ivunjwe.

Katibu aandike kwenye kumbukumbu namba ya mashine, aina ya diski iliyowekwa, jina la draiva iliyotumika, na kama VMD iliachwa wazi au ilizimwa. Flashi yenye folda ya draiva isiondoke na fundi, kwa kuwa siku Windows itakapohitaji kuwekwa upya mkalimani atatafutwa tena. Vikundi vyenye sanduku la pesa la kufuli tatu tayari vina mahali pake: iingie humo pamoja na ufunguo wa BitLocker ulioandikwa kwenye karatasi, na ihesabiwe kama kitu kingine chochote sanduku linapofunguliwa.